Mpaka wa ugonjwa na mpaka wa nchi: mashauri ya marufuku ya mazao ya mifugo

Tarehe 24 Januari 2014 Lithuania ilitangaza kwamba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika vimegunduliwa katika nguruwe mwitu wawili kusini mwa nchi hiyo, jirani na mpaka wa Belarus. Kabla mwezi haujaisha, Urusi ilikuwa imekwisha kufunga milango yake, na haikuifungia Lithuania peke yake, bali nchi zote 28 zilizokuwa wanachama wa Umoja wa Ulaya wakati huo. Mfugaji wa Hispania, ambaye mabanda yake yako zaidi ya kilomita 2,000 kutoka misitu ile, alijikuta hana pa kuuza nyama ambayo wiki iliyotangulia ilikuwa na mnunuzi wa uhakika. Mwezi Aprili mwaka huohuo Umoja wa Ulaya ulipeleka malalamiko katika Shirika la Biashara Duniani (WTO) mjini Geneva.

Wengi wanaosikia habari za mashauri ya aina hii hudhani kwamba kinachobishaniwa ni iwapo nchi ina haki ya kujikinga na ugonjwa wa mifugo. Haki hiyo haina mjadala. Imeandikwa waziwazi katika Mkataba wa Hatua za Afya ya Binadamu, Wanyama na Mimea, ujulikanao kwa kifupi kama SPS, ulioanza kutumika tarehe 1 Januari 1995 pamoja na WTO yenyewe. Kinachobishaniwa karibu kila mara ni ukubwa wa eneo lililofungiwa, muda wa kufungiwa, na iwapo nchi iliyofunga inajitendea yenyewe kama inavyowatendea wengine. Virusi havijui pasipoti. Huenea kwa kufuata njia za ndege wahamao, misitu, malori na mabaki ya vyakula, ilhali marufuku hutolewa na serikali ambazo zimezoea kufikiri kwa majina ya nchi. Sehemu kubwa ya sheria hii imezaliwa katika pengo hilo.

Mkataba wa SPS humtaka anayeweka zuio achague moja kati ya njia mbili. Njia ya kwanza ni kuegemea viwango vya kimataifa, ambavyo kwa upande wa mifugo hutungwa na Shirika la Afya ya Wanyama Duniani lenye makao yake Paris. Shirika hilo liliundwa mwaka 1924, miaka michache baada ya sotoka, ugonjwa hatari wa ng'ombe, kuingia Ubelgiji pamoja na ng'ombe waliokuwa wakisafirishwa kutoka India kwenda Brazil kupitia bandari ya Antwerp, na kanuni zake ndizo zinazosema ni bidhaa ipi inaweza kuuzwa, kutoka eneo la namna gani, na kwa masharti gani, pale ugonjwa fulani unapozuka. Njia ya pili ni kwenda mbali zaidi ya viwango hivyo, jambo linaloruhusiwa, lakini kwa sharti la kufanya tathmini ya hatari ya kisayansi inayoonyesha kwa nini kinga kubwa zaidi inahitajika. Juu ya njia zote mbili kuna kifungu cha 6, ambacho kinazitaka nchi zitambue kwamba linaweza kuwapo eneo lisilo na ugonjwa ndani ya nchi yenye ugonjwa, na kwamba hatua za kinga ziendane na hali ya eneo husika.

Shauri lililovichambua vifungu hivi kwa kina ni lile la Marekani dhidi ya India. Mwezi Julai 2011 India ilitoa amri, chini ya sheria yake ya uagizaji wa mifugo ya mwaka 1898, iliyopiga marufuku bidhaa kutoka nchi yoyote inayoripoti mafua ya ndege ya kundi ambalo ni lazima kuripotiwa. Orodha ilikuwa ndefu: ndege hai wa kufugwa na wa porini, vifaranga wa siku moja, nyama ya kuku isiyosindikwa, mayai ya kutotolesha na ya kula, manyoya yasiyosafishwa, mbegu za uzazi za ndege, na hata nguruwe hai. Tena amri hiyo haikutofautisha aina mbili za virusi ambazo madaktari wa mifugo huzitenganisha daima, yaani ile kali inayofyeka banda zima kwa siku chache, na ile hafifu ambayo mara nyingi humpitia kuku bila dalili za kutisha. Marekani, ambayo kwa miaka kadhaa kuanzia 2004 ilikuwa ikiripoti aina hafifu tu, ilijikuta imefungiwa moja kwa moja, kwa kuwa katika nchi kubwa yenye uchunguzi mwingi hakosekani kuku mmoja mahali fulani anayekutwa na virusi hafifu.

Utetezi wa India ulisimama juu ya hoja moja: kwamba amri yake inafuata kanuni za shirika la Paris, na kwa hiyo haikuhitaji kufanya tathmini yake ya hatari. Jopo la waamuzi liliita wataalamu na kuliuliza shirika hilo lenyewe maana ya kanuni zake. Kilichobainika ni kwamba kanuni hizo hazisemi kamwe kwamba nchi nzima ifungiwe kwa sababu ya mlipuko mmoja. Zinaruhusu biashara kutoka nchi, ukanda, au hata kundi la mashamba yaliyotengwa kwa usimamizi maalumu, ilimradi huko hakuna ugonjwa, na zinaweka masharti tofauti kwa aina kali na aina hafifu. Nguzo hiyo ilipoanguka, India ilibaki bila tathmini ya hatari, na kwa hiyo bila msingi wa kisayansi ambao mkataba unautaka.

Hata hivyo, sehemu iliyoiumiza India zaidi, kwa maoni yangu, ni ile iliyohusu mambo ya ndani ya nyumba yake. Tangu mafua ya ndege yalipoingia jimbo la Maharashtra mwanzoni mwa 2006, India yenyewe ilikuwa imepata milipuko mingi ya aina kali. Kila ulipotokea mlipuko, serikali ilichora duara kuzunguka shamba lililoathirika, ikaua kuku walio karibu, na ikadhibiti usafirishaji ndani ya eneo la kilomita 10. Mfugaji aliyekuwa nje ya duara hilo aliendelea kuuza kuku na mayai kama kawaida. Basi ikiwa kilomita 10 zinatosha kumlinda mlaji na mfugaji wa India dhidi ya virusi vikali vilivyomo ndani ya India, kwa nini virusi hafifu vilivyokutwa katika jimbo moja la Marekani vifungie kuku wa majimbo yote 50? Na kuhusu aina hafifu, ambayo India ilisema haipo nchini mwake, wataalamu waliona kwamba uchunguzi uliokuwa ukifanyika haukuwa wa namna inayoweza kuigundua hata kama ingekuwapo. Asiyetafuta hawezi kujisifu kwamba hakuona. Jopo lilitoa taarifa yake Oktoba 2014, na Chombo cha Rufaa cha WTO kikathibitisha sehemu kubwa ya matokeo hayo tarehe 4 Juni 2015.

Ni haki kusema pia kile ambacho India haikukisema sana mbele ya jopo lakini kilijulikana na kila mfanyabiashara wa kuku. Walaji wa Marekani hupenda zaidi nyama ya kidari, na mapaja na miguu hubaki kwa wingi, hivyo huuzwa nje kwa bei ambayo mfugaji wa nchi inayoendelea hawezi kushindana nayo. Wafugaji wa India waliiogopa bei hiyo kuliko walivyovihofia virusi. Hofu hiyo si ya kubezwa, lakini sheria ina mlango wake wa kuishughulikia, nao ni ushuru wa forodha. Hofu ya bei ikivishwa koti la daktari wa mifugo, itahojiwa kwa maswali ya daktari wa mifugo, na haitakuwa na majibu. Chombo cha Rufaa kilisoma uamuzi wake wakati Marekani yenyewe ikiwa katikati ya mlipuko mkubwa wa aina kali, uliogharimu ndege wapatao milioni 50, hasa katika majimbo ya Iowa na Minnesota. Jambo hilo halikubadilisha matokeo, kwa kuwa swali halikuwa kama Marekani ni safi, bali ni kama kila kona yake ilistahili kuhukumiwa kwa hali ya kona nyingine.

Turudi kwa nguruwe. Utetezi wa Urusi ulikuwa wa ujanja zaidi, na unafaa kutazamwa kwa karibu. Kila shehena ya nguruwe iliyoingia Urusi ililazimika kuwa na cheti cha afya chenye maneno yaliyokubaliwa baina ya pande mbili, na katika cheti hicho daktari wa mifugo wa Ulaya alitakiwa kuthibitisha kwamba eneo lote la Umoja wa Ulaya, isipokuwa kisiwa cha Sardinia, limekuwa bila homa ya nguruwe ya Afrika kwa miaka mitatu iliyopita. Baada ya tukio la Lithuania hakuna daktari mwaminifu ambaye angeweza kutia saini maneno hayo. Urusi ikasema: sisi hatukufunga chochote; ninyi wenyewe mmeshindwa kujaza cheti mlichokikubali. Jopo lilikataa hoja hiyo. Urusi ndiyo iliyodai cheti, ndiyo iliyokataa kubadili maneno yake hali ilipobadilika, na ndiyo iliyorudisha shehena mpakani, kwa hiyo zuio lilikuwa lake. Maneno yenyewe yalikuwa na ushahidi dhidi yake, maana kutajwa kwa Sardinia, ambako ugonjwa huo ulikuwapo tangu 1978, kulionyesha kwamba Urusi ilikuwa tayari kukubali kutenga eneo lenye ugonjwa pale ilipopenda.

Urusi pia ilikuwa na ugonjwa huohuo ndani ya mipaka yake tangu 2007, mwaka ambao virusi viliingia Georgia na kuanza safari ya kupanda kaskazini. Kama India, ilikuwa ikidhibiti milipuko yake kwa maeneo, huku ikizihukumu nchi 28 kama shamba moja. Ilijaribu pia kujificha nyuma ya kifungu kinachoruhusu hatua za muda pale ushahidi wa kisayansi unapokuwa hautoshi. Kifungu hicho ni muhimu sana siku za kwanza za ugonjwa usiofahamika, lakini kina masharti: anayekitumia lazima aendelee kutafuta taarifa zaidi, na lazima aipitie upya hatua yake ndani ya muda unaofaa. Homa ya nguruwe ya Afrika si ugonjwa usiofahamika. Ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya, katika andiko lililochapishwa mwaka 1921, na njia zake za kuenea zimesomwa kwa miongo mingi. Uamuzi wa mwisho ulitoka tarehe 23 Februari 2017, na kwa sehemu kubwa Ulaya ilishinda.

Haifai kudhani kwamba muuzaji hushinda kwa kusimama tu na kudai. Kifungu cha 6 kinamtwika yeye mzigo wa kuthibitisha kwamba eneo lake ni salama na kwamba lina uwezekano wa kuendelea kuwa salama, na kinamtaka amfungulie mnunuzi milango ya kukagua na kupima. Argentina iliponyimwa soko la Marekani kwa sababu ya ugonjwa wa miguu na midomo, ilichukua miaka mingi kupeleka takwimu na kupokea wakaguzi kabla ya jopo, Julai 2015, kukubali kwamba Marekani imechelewesha maombi yake bila sababu na kwamba Patagonia, eneo la kusini mwa Argentina, ilistahili kutazamwa peke yake. Nchi isiyo na maabara, isiyo na rejesta ya mifugo na isiyodhibiti njia za kuhamishia wanyama haina ukanda wa kuuonyesha, hata kama nusu ya ardhi yake haijawahi kuuona ugonjwa.

Tena si kila shauri ni la serikali dhidi ya serikali. Baada ya ng'ombe mmoja kukutwa na kichaa cha ng'ombe katika mkoa wa Alberta, Kanada, mwezi Mei 2003, Marekani ilifunga mpaka, na ilipotaka kuufungua miaka miwili baadaye, chama cha wafugaji wa Marekani kiitwacho R-CALF kiliishtaki serikali yake yenyewe kikitaka mpaka ubaki umefungwa. Jaji wa Montana alikubaliana nacho mwezi Machi 2005; mahakama ya rufaa ikatengua amri hiyo mwezi Julai. Upande wa pili wa mpaka, wafugaji wa Kanada waliidai Marekani fidia chini ya mkataba wa biashara wa Amerika ya Kaskazini, na Januari 2008 baraza la usuluhishi likatupilia mbali madai yao kwa sababu hawakuwa wawekezaji ndani ya Marekani. Mali yao ilikuwa Kanada, na hasara ya kukosa soko la jirani haikuwa aina ya hasara ambayo sura ya uwekezaji ya mkataba huo iliilinda.

Hapo ndipo udhaifu mkubwa wa mfumo huu unapoonekana. Katika WTO ni serikali tu zinazoweza kushtaki, na mshindi halipwi hasara iliyokwisha kutokea. Anachopata ni amri kwamba zuio lirekebishwe kuanzia sasa. Ikikaidiwa, anaweza kuomba ruhusa ya kulipiza. Marekani iliomba kuiwekea India vikwazo vya dola milioni 450 kwa mwaka mnamo 2016, nao Umoja wa Ulaya ukadai haki ya kuiwekea Urusi vya euro bilioni 1.39 kwa mwaka. Shauri la India halikuisha kwa vikwazo bali kwa maelewano ya kisiasa yaliyofikiwa Septemba 2023, ambapo India ilikubali kupunguza ushuru wa bata mzinga na bata waliogandishwa pamoja na matunda ya beri, miaka 12 baada ya amri ya kwanza. Miguu ya kuku haikuwamo. Kwa upande wa Urusi, mwezi Agosti 2014 nyama ya nguruwe ya Ulaya ilikuwa imekwisha kuingizwa katika vikwazo vya vyakula vilivyotokana na mgogoro wa Ukraine, kwa hiyo ushindi wa 2017 ulifungua mlango ambao nyuma yake kulikuwa na mlango mwingine. Tangu Desemba 2019 Chombo cha Rufaa chenyewe hakina waamuzi wa kutosha kusikiliza shauri lolote, na nchi isiyojiunga na utaratibu mbadala wa usuluhishi inaweza kukata rufaa kwenye chombo kisichofanya kazi na hivyo kuuacha uamuzi ukining'inia.

Kwa sababu hizo naona kwamba kwa nchi zetu za Afrika Mashariki ukumbi wenye manufaa si ule wa majopo. Kenya, Uganda na Tanzania hazijawahi kufungua shauri lolote katika WTO kama walalamikaji, lakini mwaka 1998 zilionyesha kwamba kuna njia nyingine. Mvua za El Niño zilileta kipindupindu, na Umoja wa Ulaya ukasimamisha uagizaji wa samaki wabichi kutoka nchi hizo tatu pamoja na Msumbiji. Viwanda vya sangara vya Mwanza, Kisumu na Jinja vilisimama au kupunguza kazi. Tanzania ilipeleka suala hilo katika kamati ya SPS, ambako wawakilishi wa Shirika la Afya Duniani na lile la Chakula na Kilimo walieleza kwamba samaki wa biashara hawajathibitika kuwa njia ya kueneza kipindupindu kati ya nchi na nchi. Katikati ya mwaka huohuo zuio liliondolewa. Hakuna jopo ambalo lingefika hata kwenye kikao cha kwanza kwa muda huo. Ndugu zetu wa Pembe ya Afrika hawakuwa na bahati hiyo: Saudi Arabia ilipopiga marufuku mifugo yao Septemba 2000 kwa sababu ya homa ya Bonde la Ufa, Somalia haikuwa mwanachama wa WTO, wala Saudi Arabia yenyewe ilikuwa haijajiunga, na soko halikufunguliwa tena hadi 2009, baada ya kujengwa vituo vya karantini katika bandari kama Djibouti na Berbera.

Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki sheria ina mkono mrefu zaidi kuliko wafanyabiashara wengi wanavyofahamu. Mwishoni mwa Oktoba 2017 maofisa wa Tanzania waliteketeza vifaranga 6,400 walioingizwa kutoka Kenya kupitia Namanga, wakieleza kuwa ni kinga dhidi ya mafua ya ndege, na Kenya ikalalamika kwa njia za kidiplomasia. Sheria ya Magonjwa ya Mifugo ya Tanzania ya mwaka 2003 inawapa maofisa mamlaka makubwa. Lakini Itifaki ya Umoja wa Forodha inamtaka mwanachama anayeweka kizuizi kwa ajili ya kulinda wanyama amjulishe Katibu Mkuu wa Jumuiya nia yake, na kifungu cha 30 cha Mkataba wa Jumuiya kinampa mkazi yeyote wa nchi mwanachama, awe mtu au kampuni, haki ya kwenda mwenyewe katika Mahakama ya Afrika Mashariki mjini Arusha kuhoji uhalali wa kitendo cha serikali, bila kusubiri serikali yake imsemee. Sharti gumu ni muda: anapaswa kufungua shauri ndani ya miezi miwili, na mahakama hiyo imekuwa kali sana katika kuhesabu siku hizo. Mfanyabiashara anayetumia miezi hiyo kuandika barua za kuomba huruma wizarani huikuta haki yake imekwisha.

Mlipuko wa Brazil wa mwaka 2025 umeonyesha mahali ambapo mapambano haya yanaamuliwa siku hizi, yaani katika maneno ya vyeti na makubaliano ya awali. Tarehe 16 Mei nchi hiyo, inayoongoza duniani kwa kuuza kuku nje, ilithibitisha mafua ya ndege ya aina kali katika shamba moja la kibiashara huko Montenegro, jimbo la Rio Grande do Sul, kwa mara ya kwanza katika historia yake. Japani, iliyokuwa imekwisha kukubaliana na Brazil kuhusu kutenga maeneo, ilizuia kuku wa manispaa hiyo na kuendelea kupokea wa kwingineko. Afrika Kusini, ambayo viwanda vyake vya poloni, aina ya soseji, hutegemea nyama ya kuku ya kusaga kutoka Brazil, ilifungia nchi nzima, kisha baada ya wiki chache ikabakiza marufuku kwa jimbo la Rio Grande do Sul tu. China na Umoja wa Ulaya walikuwa na vyeti vinavyodai nchi nzima iwe safi, kwa hiyo Brazil ilisimamisha yenyewe utoaji wa vyeti hivyo siku ileile. Ilijitangaza kuwa imeumaliza ugonjwa tarehe 18 Juni, baada ya siku 28 bila mlipuko mpya shambani, na soko la China liliendelea kufungwa kwa miezi kadhaa baada ya hapo.